Chuchu ya Pritchard kwa kondoo mwenye mapacha: lini inasaidia, lini inaharibu

Ukiishika mkononi ni kitu kidogo tu: chuchu nyembamba ya mpira mwekundu iliyochomekwa juu ya kofia ya plastiki ya njano. Unaifunga kwenye chupa ya soda, unatia maziwa, mwanakondoo ananyonya. Mfugaji wa Dorper, kondoo wa nyama, akiuliza afanye nini na kondoo aliyezaa watatu, jibu la kwanza analopewa huwa ni hilo: tafuta chuchu ya Pritchard. Ni jibu zuri, ila ni nusu ya jibu.

Chupa ya kunyonyeshea inaingia katikati ya uhusiano wenye taratibu zake. Kondoo ana chuchu mbili tu. Anamtambua mtoto wake kwa pua, na ana namna yake ya kuamua nani anyonye, lini, na kwa muda gani. Chombo kinachomshibisha mtoto huku kikimtenga na mama yake kimekuongezea kazi ya wiki sita, mchana na usiku. Kwa hiyo chuchu hii tumeipima kwa swali moja: mtoto akishaitumia, anarudi kwa mama yake, na mama anampokea? Inawezekana, na kwa urahisi kuliko vifaa vingine vya namna hii. Lakini karibu kila kinachoharibika huharibikia mkononi mwa mtumiaji.

Ilivyoundwa na inavyoandaliwa

Sehemu ni tatu. Ya kwanza ni chuchu yenyewe, laini na nyembamba, inayoenea vizuri kwenye mdomo wa mtoto wa kilo mbili au tatu. Ya pili ni kofia yenye hesi ya kufungia kwenye shingo ya chupa. Ya tatu ndiyo inayobeba thamani ya kifaa: tundu dogo pembeni mwa kofia lenye gololi ya chuma ndani yake. Hiyo ni vali ya hewa. Mtoto anapovuta maziwa, hewa inaingia kupitia tundu hilo kujaza nafasi, chupa haibonyei na chuchu haijikunji. Ukiona viputo vikipanda ndani ya chupa wakati mtoto ananyonya, vali inafanya kazi. Chupa ikianza kubonyea na mtoto akawa anaachia kila mara akilalamika, gololi imeganda kwa maziwa makavu. Loweka kofia kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisha itikise mpaka usikie gololi ikicheza.

Chuchu inakuja na ncha iliyozibwa. Wanunuzi wengi hawalijui hilo, wanahangaika na mtoto anayenyonya bila kupata kitu, halafu wanasema mtoto hana nguvu. Ncha unaikata mwenyewe kwa mkasi mkali, na hapo ndipo pa kuwa na subira. Kata kidogo sana, kama milimita moja au mbili, jaza maji, pindua chupa. Maji yadondoke tone kwa tone polepole, na yaongezeke ukibonyeza chupa kidogo. Yakitiririka yenyewe, umekata kupita kiasi na chuchu hiyo haifai tena kwa mtoto mchanga: maziwa yatamjaa kooni kuliko anavyoweza kumeza, mengine yataingia kwenye mapafu, na siku mbili au tatu baadaye utakuwa na mwanakondoo mwenye homa ya mapafu. Chuchu ya tundu kubwa usiitupe. Ipigie alama, itamfaa mtoto wa wiki nne.

Kuhusu chupa, kofia hii imekusudiwa shingo za chupa za soda. Chupa nyingi za maji ya kunywa zina shingo ya hesi nyingine. Usiamini macho. Jaza maji, funga, pindua, bonyeza. Likitoka tone kwenye mshono wa kofia, badili chupa. Ya nusu lita inatosha, na chagua ngumu kidogo, kwa sababu chupa laini mno hubonyezwa na mkono wako bila wewe kukusudia na maziwa yakamrukia mtoto kooni.

Tukilinganisha: chuchu ya mtoto binadamu kutoka duka la dawa inafaa kwa dharura ya usiku mmoja, lakini tundu lake ni dogo, mtoto anachoka kabla ya kushiba, na meno ya mbele huitafuna mapema. Chuchu ya ndama ni nene mno. Kidole cha glavu kilichotobolewa kisitumike kabisa, kwa sababu kinang'oka na kumezwa.

Saa za kwanza: iache mfukoni

Kondoo anayezaa huvutwa na maji ya uzazi. Analamba, anatoa sauti nzito ya chini ambayo huisikii wakati mwingine wowote, na ndani ya saa moja au mbili anakuwa ameishika harufu ya mtoto wake. Mlango huo haubaki wazi siku nzima. Mtoto aliyeondolewa kabla hajalambwa, akarudishwa saa kadhaa baadaye akiwa mkavu na ananukia sabuni au maziwa ya ng'ombe, anaweza kupigwa kichwa kama mgeni.

Kwa mapacha hatari ni kubwa zaidi. Mama akiwa bado anamlamba wa kwanza, wa pili anatoka. Kwa dakika chache anagawa umakini wake, na yule aliyesimama haraka humvuta kwenda mbele. Akihama mahali alipozalia akifuatwa na mmoja, wa pili anaachwa. Ndiyo maana kizizi kidogo cha uzio, kama mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, chenye nyasi kavu na ndoo ya maji, kina faida kuliko chuchu yoyote katika siku ya kwanza. Mwache mama azalie alipopachagua, mpe nafasi alambe wote, halafu beba watoto karibu na ardhi wakiwa mbele ya pua yake, ukimwongoza taratibu hadi kwenye kizizi hicho. Ukiwainua juu kifuani mwako, mama anapoteza harufu na kurudi mbio pale alipozalia kuwatafuta.

Wakishalambwa, mshike mama, kamua mara mbili tatu kwenye kila chuchu. Kuna kizibo kama nta kwenye ncha, na mtoto dhaifu hawezi kukitoa. Angalia pande zote mbili za kiwele: joto, ugumu, vidonda, rangi ya maziwa. Hatua hii ya dakika moja inaokoa wanakondoo wengi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Sababu yake inakuja hapa chini.

Kiasi cha maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito katika mnyonyo mmoja, wa kwanza uwe ndani ya saa mbili, na jumla ya kama mililita 200 kwa kilo katika saa 24 za mwanzo. Mtoto wa kilo tatu anahitaji mililita 150 mara nne. Baada ya siku moja utumbo unafunga na kinga iliyomo haipiti tena kuingia kwenye damu, hata umnyweshe ndoo. Mapacha wakisimama na kunyonya wenyewe, matumbo yakajaa, chuchu ya Pritchard haina kazi. Mmoja akichelewa, kamua mama yake mwenyewe, mpe mtoto kwa chupa hapo hapo chini ya pua ya mama, ili mama aendelee kumnusa na kumlamba mkia wakati anakunywa. Hapo wembamba wa chuchu hii unasaidia: umbo lake halimzoezi mtoto kitu tofauti sana na alichokusudiwa kunyonya.

Dang'a ya mama ikiwa haitoshi wawili, ya kondoo mwingine wa zizi lako ndiyo bora. Ya ng'ombe hutumika pia, lakini changanya ya ng'ombe kadhaa, maana dang'a ya baadhi ya ng'ombe huwaletea wanakondoo upungufu wa damu. Iliyogandishwa iyeyushe kwenye maji ya vuguvugu. Maji yanayochemka huiharibu kinga na hukuachia maziwa ya kawaida.

Mwanakondoo asiye na nguvu ya kunyonya hasaidiwi na chuchu yoyote. Tia kidole kisafi mdomoni mwake: mdomo ukiwa wa baridi na ulimi hauvuti, chukua kipimajoto. Kawaida ni nyuzi 39 hadi 40. Chini ya 37 usimpe chochote kwa mdomo. Akiwa na zaidi ya saa tano tangu azaliwe, usimpashe moto kabla daktari wa mifugo hajampa glukosi kwa sindano, kwa sababu mwili unaopata joto bila sukari ya kuutumia unaweza kuzima. Akiwa na joto la kutosha, ameinua kichwa ila hanyonyi, kifaa chake ni mrija laini na bomba la sindano la mililita 60. Pima mrija kutoka pua hadi ubavu wa mwisho, weka alama, upitishe pembeni mwa ulimi taratibu, acha maziwa yashuke kwa uzito wake. Baridi ya nyanda za juu za Kenya, kama Kinangop au Molo, wakati wa mvua huua kwa njia hii kuliko magonjwa mengi yanayotajwa, na anayenunua chuchu bila mrija na kipimajoto amenunua theluthi moja ya anachohitaji.

Kuanzia siku ya pili: namna mama wa mapacha anavyogawa

Chuchu hii inafaulu au inashindwa kutegemea unavyoelewa kinachoendelea chini ya tumbo la kondoo.

Mapacha hawanyonyi ovyo. Ndani ya siku chache kila mmoja huwa na upande wake, mmoja kushoto, mwingine kulia, na huutetea. Upande mmoja ukiwa umekauka au una ugonjwa wa kiwele, hutaona mapacha wawili wenye njaa kiasi. Utaona mmoja mnene na mwingine aliyekunja mgongo. Mfugaji anaona mnyonge, anamwonea huruma, anampa chupa, na chupa inaficha ugonjwa wa mama kwa wiki nzima. Kabla ya kumpa yeyote chupa, shika kiwele. Upande ukiwa wa moto na mgumu, maziwa yana mabonge au maji maji, mwite daktari. Kondoo mwenye chuchu moja inayofanya kazi ni mama wa mtoto mmoja, na ni afadhali ulikubali hilo siku ya pili kuliko wiki ya tatu.

Tena, katika wiki za mwanzo mama wa mapacha anapenda kuwaona wote wawili ndipo asimame. Mmoja akija peke yake, mara nyingi mama anasogea mbele, anainua kichwa na kumwita mwenzake; wote wakiwa pale anatulia, na kila mmoja anapata upande wake. Tabia hii inalinda haki ya aliyelala kichakani, lakini ina maana kubwa kwa mwenye chupa. Ukimchukua mmoja hadi jikoni kumnyonyesha kwa dakika ishirini, aliyebaki anaweza kunyimwa kwa muda huo wote. Ukimrudisha, yule ameshiba, hataki kunyonya, anajilalia pembeni. Mama hana wawili mbele yake, na aliyekosa anaendelea kukosa. Umemlisha mmoja ukamfungisha mwingine. Chupa itolewe ndani ya zizi, mama akiwepo, mapacha wote wakiwepo. Kofia ya njano ikifungwa vizuri inakuwezesha kuingia zizini na chupa mbili mifukoni bila kumwaga, na kwa kazi hiyo ni bora kuliko ndoo au sahani.

Mkao wa kunyonya nao una habari. Mtoto wa mama mwenyewe husimama ubavuni, kichwa kuelekea kiweleni na mkia kuelekea pua ya mama, na mama hugeuza shingo kumnusa chini ya mkia. Anayenyonya kutoka nyuma, katikati ya miguu, mara nyingi anaiba: anakwepa kunuswa. Wa tatu kati ya mapacha watatu hujifunza njia hiyo haraka, na hulipa kwa kupakwa kinyesi na mkojo kichwani. Mwanakondoo mwenye utosi mchafu na ubavu uliobonyea ndiye wa kwanza kupewa chupa.

Idadi ya minyonyo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Wiki ya kwanza ni kama mara moja au mbili kwa saa, kila mara dakika moja au zaidi. Mwezi ukitimia inakuwa mara moja katika saa moja au mbili, na kila mnyonyo ni sekunde chache, kisha mama anapiga hatua na kuwavuka. Wengi huona hilo wakadhani mama amewakataa. Hajawakataa, amemaliza. Kukataa kunaonekana siku ya kwanza na ya pili: anampiga mtoto kwa kichwa, anazunguka kumkwepa, anamkubali mmoja na kumtupa mwingine. Akianza kurusha mateke ghafla wiki ya pili au ya tatu, kagua chuchu: meno makali ya mtoto, kidonda, au ugonjwa wa vidonda vya mdomo ulioenea kutoka kwa watoto. Ugonjwa huo unaambukiza binadamu pia, vaa glavu, na chupa ya mgonjwa isimguse mwenzake.

Kiasi: kosa ni kuzidisha

Kondoo wa mapacha hutoa maziwa zaidi ya wa mtoto mmoja, kama theluthi moja hadi nusu zaidi, kwa sababu kiwele kinachotolewa maziwa mara nyingi hutengeneza mengi. Hiyo ndiyo hesabu ya asili, na haifiki mara mbili; kila pacha hupata pungufu kuliko mtoto wa pekee. Wa tatu anaongeza kidogo sana juu ya hapo. Basi chupa ni ya kujaza pengo. Ukimshibisha mtoto kabisa, haendi kwa mama, kiwele kinabaki kimejaa, na maziwa yaliyobaki ndani yanauambia mwili upunguze. Wiki moja ya chupa za ukarimu inatosha kumkausha kondoo aliyekuwa anaweza kulea wawili.

Kwa pacha anayebaki na mama, anzia mililita 50 hadi 100, mara tatu kwa siku, baada ya kunyonya kwa mama. Abaki na hamu. Pima uzito kila baada ya siku mbili kwa mizani ya kuning'iniza na mfuko, saa ile ile. Kwa Dorper anayetunzwa vizuri, chini ya gramu 100 za ongezeko kwa siku ni njaa, hata kama analala na kuamka kama kawaida. Dalili ya macho ni rahisi zaidi: aliyeshiba akiamka hujinyoosha, mwenye njaa huamka amejikunja, tumbo limebonyea nyuma ya mbavu, na huwa wa kwanza kukukimbilia. Chupa zote ukimpa wa kwanza kukukimbilia bila kupima, baada ya siku kumi utakuwa unamlisha mwizi mwerevu.

Mtoto asiye na mama kabisa ni habari nyingine: asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake kwa siku, imegawanywa mara tano au sita siku za mwanzo, nne wiki ya pili, kisha tatu.

Maziwa gani? Ya kondoo yana mafuta kama asilimia 7, ya ng'ombe karibu nusu ya hapo. Ya ng'ombe hufaa, lakini usiyazimue kwa maji, na ujue mtoto atahitaji mengi zaidi. Unga wa maziwa wa wanakondoo, wenye mafuta yasiyopungua asilimia 24, ndio unaofanana na ya mama. Unga wa ndama una mafuta kidogo na unaweza kuwa na shaba iliyoongezwa. Kondoo huumizwa na shaba kuliko mifugo mingine. Soma mfuko.

Joto liwe kama nyuzi 39, sawa na mwili, na liwe lile lile kila siku. Mtoto asimame kwa miguu yake, shingo imenyooka mbele na kuinuka kidogo, chupa ikiwa usawa wa kiwele cha mama. Mkao huo husaidia kingo za mfereji wa ndani zijikunje kuwa bomba linalopeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Akilala chali mapajani kama mtoto mchanga, maziwa huingia tumbo kubwa na kuchacha, au hupita njia ya hewa. Kuvimba tumbo kwa watoto wa wiki mbili hadi sita huja zaidi kwa chupa kubwa zinazotolewa mara chache. Gawanya. Huwezi kurekebisha hilo kwa chuchu nzuri.

Pale inaposhindwa bila kosa lako

Chuchu ya Pritchard haimsaidii mama asiye na maziwa kwa sababu ya njaa yake mwenyewe. Wiki sita za mwisho za mimba ndizo ambazo watoto hupata sehemu kubwa ya uzito wao, kama asilimia 70, na tumbo lililojaa mapacha humwachia nafasi ndogo ya nyasi. Kondoo mwenye mimba pacha aliyeachiwa majani makavu tu huzaa watoto wepesi na dang'a kidogo, au huanguka kabla ya kuzaa kwa ugonjwa wa mimba pacha, yaani mwili kuishiwa sukari. Baada ya kuzaa, mpe majani mazuri na takribani nusu kilo ya chakula cha nguvu kwa kila mtoto anayemlea, ukipandisha taratibu, na maji yasikatike. Maziwa hufika kilele wiki ya tatu hadi ya nne. Pengo la chupa huonekana hapo hapo, maana ndipo watoto wanapokuwa na hamu kubwa na bado hawajui kula vizuri.

Kuna pia minyoo. Mama anayenyonyesha, hasa mwenye mapacha, kinga yake dhidi ya minyoo hushuka wakati wa kuzaa, na mnyoo wa tumbo anyonyaye damu, Haemonchus contortus, hupata nafasi. Kondoo mwekundu wa Kimaasai huuhimili vizuri kuliko Dorper, jambo lililoonekana wazi katika majaribio ya pwani ya Kenya, Diani, na ni sababu mojawapo ya wengi kuchanganya damu za aina hizi mbili za kondoo. Fungua kope la chini: likiwa jeupe, tibu mama kabla ya kununua unga wa maziwa. Mchanganyiko huo una faida nyingine kwa mada yetu. Mama wa Kimaasai huzaa mapacha mara chache zaidi, na zizi lenye mapacha wachache huhitaji chupa chache. Kutafuta mapacha kwa nguvu katika malisho makavu ni kununua kazi.

Na kwa watatu, kabla ya chupa jaribu kumbambikia mama mwingine aliyezaa mmoja au aliyepoteza wake. Chagua mtoto mwenye nguvu na njaa, si mnyonge. Mnyonge abaki kwa mama anayemjua. Bora ni wakati mama mlezi anazaa: mpake mtoto mgeni maji ya uzazi ya mama huyo mwili mzima, hasa kichwa na mkia, umweke mbele ya pua yake kabla ya mtoto wake mwenyewe. Ukichelewa, mfunge shingo mama kwenye kizuizi kinachomruhusu kula, kunywa na kulala, siku tatu hadi tano, mpaka harufu ya maziwa yake ipite tumboni mwa mtoto. Ukifaulu, kifaa tunachokitathmini kinarudi kabatini, na hiyo ndiyo matokeo mazuri kuliko yote kinayoweza kuyapata.

Usafi na uhai wake

Baada ya kila mlo vua chuchu kutoka kwenye kofia. Suuza kwa maji baridi kwanza, maana maji ya moto hugandisha protini ya maziwa kwenye mpira, kisha moto na sabuni isiyo na manukato, brashi ndani, na hakikisha tundu la vali liko wazi. Kausha kivulini ikiwa imepinduliwa. Jua na mafuta hupasua mpira. Chupa za soda zibadilishe kila wiki au mbili, hazina gharama, na makwaruzo ya ndani ndimo vijidudu hujificha.

Mpira utachoka kabla ya plastiki. Meno ya mtoto wa wiki tatu na kuendelea huacha nyufa karibu na kofia, na hapo inaweza kuchomoka ikaenda na mtoto. Ivute kwa vidole kila asubuhi kabla ya kujaza maziwa: ikitoa hata ufa mdogo, ibadili. Nunua angalau tatu kwa mara moja, moja ya tundu dogo kwa wachanga, moja ya tundu kubwa kwa wakubwa, na moja isiyokatwa ya akiba. Watoto waanze kuonja chakula chao kwenye sehemu wasiyofika mama zao kuanzia wiki ya pili, na chupa ipunguzwe mara moja moja, si ghafla. Anayekula gramu 200 hivi za chakula kikavu kwa siku na amefikia mara tatu ya uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida kati ya wiki ya sita na ya nane, hahitaji chupa tena, hata akija kukulilia getini kila unapopita.